Jinsi ya Kukagua na Kulinda Bwawa Dogo la Udongo la Maji ya Kunywa

Bwawa la udongo linalolisha mabomba ya watu lina shida yake ya pekee: hakuna anayetaka kuliona likipungua. Mtumiaji anataka maji, kamati inataka ada, mwendesha pampu anataka kina cha kutosha juu ya bomba la kuvutia. Kila lita iliyomo imeshapangiwa kazi. Ndiyo maana kwenye mabwawa ya aina hii dalili za hatari huonwa, husemwa, hata huandikwa, halafu koki haifunguliwi. Kupunguza maji leo ni malalamiko ya hakika kesho asubuhi, ilhali kubomoka kwa tuta bado ni "huenda".

Mwongozo huu ni wa mmiliki, kamati ya maji au mlinzi wa bwawa lenye tuta la kimo cha kati ya mita 3 na 10 hivi. Haufundishi kusanifu wala kujenga tuta. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa mabwawa. Unahusu kazi inayobaki baada ya mhandisi kuondoka: kulijua bwawa lako, kulikagua, kupima kinachovuja, na kukubaliana mapema ni nani mwenye amri ya kushusha maji.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Anza na vipimo viwili, kimo na ujazo. Kimo hupimwa kutoka ardhi ya chini kabisa upande wa nje wa tuta, pale linapokaa juu ya ardhi ya asili (hapa nitapaita mguu wa tuta), hadi kilele. Si kina cha maji. Wengi husema bwawa lao ni la mita 3 kwa kuwa maji ni mita 3, kumbe tuta lina mita 5.

Ujazo wa bwawa lililozibwa kwenye bonde unaweza kuukadiria bila vifaa vya upimaji. Chukua urefu wa maji kutoka tutani hadi mkiani, zidisha kwa upana wa maji penye tuta, zidisha kwa kina cha juu kabisa, kisha gawa kwa 6. Maji yenye urefu wa mita 300, upana wa mita 100 na kina cha mita 5 ni kama mita za ujazo 25,000. Kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja, kwa hiyo hapo una tani 25,000 zilizokaa juu ya watu walio bondeni. Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, lakini inatosha kukuonyesha uko upande gani wa sheria.

Nchi nyingi huweka mpaka ambao ukiuvuka bwawa linakuwa chini ya usimamizi rasmi. Uingereza, Sheria ya Mabwawa ya 1975 ilianzia kwenye mita za ujazo 25,000 zilizo juu ya usawa wa ardhi ya asili. Afrika Kusini huangalia vitu viwili kwa pamoja: ukuta unaozidi mita 5 na ujazo unaozidi mita za ujazo 50,000. Kwenu huenda ni vingine, na majibu yako kwa mamlaka ya rasilimali za maji au bodi ya bonde lenu. Nenda ukaulize kwa maandishi mambo manne: je, bwawa hili linapaswa kusajiliwa, limewekwa daraja gani la hatari, ukaguzi wa mhandisi unatakiwa kila baada ya muda gani, na dharura inaripotiwa kwa nani, hata saa nane za usiku. Hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi.

Daraja la hatari halisemi kama tuta lako ni zuri au bovu. Linasema ni nani atakayeumia likienda. Tuta imara kabisa lililo juu ya shule ni la daraja la juu. Tuta lililochakaa juu ya pori tupu ni la daraja la chini. Tena daraja hubadilika bila wewe kugusa udongo: watu wakijenga bondeni, bwawa lako limepanda daraja. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka shuka bonde kwa miguu, ufuate njia ya maji, uandike nyumba, madaraja, visima, mashamba yenye vibanda vya kulala na mahali ambapo watoto huvuka. Andika na namba za simu.

Ukiwa na ramani mkononi, tazama pia juu yako. Mwaka 1925 huko Wales, ukuta wa bwawa la Eigiau ulipopasuka, maji yake yalishukia bwawa la Coedty lililokuwa chini yake, nalo likavunjika. Watu 16 walikufa katika kijiji cha Dolgarrog. Sheria ya kwanza ya usalama wa mabwawa ya Uingereza, ya mwaka 1930, ilitokana na msiba huo. Kama kuna lambo la mtu juu ya bonde lako, usalama wake ni jambo lako pia.

Hatua ya 2: Utoro wa maji, kabla ya kitu kingine chochote

Mabwawa ya udongo hufa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta na kulikwangua mpaka likatike. Ya pili ni maji kupita ndani au chini ya tuta yakibeba udongo. Takwimu za mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika zinazigawa njia hizi karibu nusu kwa nusu. Mteremko kuporomoka wenyewe ni sehemu ndogo. Kwa bwawa dogo, ambalo mara nyingi lilijengwa bila hesabu nzuri za mafuriko, mimi naanza na utoro.

Utoro ni njia ya pembeni ambayo maji ya mvua kubwa hupitia ili yasifike kileleni. Unabaki mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Watu huuona kama uwanja wa bure. Huanikwa mazao, huegeshwa mikokoteni, hupandwa migomba, hujengwa daraja dogo lenye nguzo zinazonasa magogo. Kwenye bwawa la maji ya kunywa linaongezeka la hatari zaidi: mtu anapanga viroba vya mchanga mdomoni mwa utoro ili bwawa libebe nusu mita ya ziada kabla ya kiangazi. Nusu mita hiyo imekatwa kwenye nafasi ya usalama iliyo kati ya maji na kilele, nafasi ambayo kwa mabwawa madogo kwa kawaida haitakiwi kupungua mita 1 hivi bwawa likiwa limejaa hadi usawa wa utoro. Viroba hivyo viondolewe siku hiyohiyo vinapoonekana, na aliyeviweka aelezwe kwa nini. Mkitaka maji zaidi, mhandisi apige hesabu za kuinua tuta lote.

Funzo kubwa la utoro lilitoka Pennsylvania, Marekani. Bwawa la South Fork, tuta la udongo la mita 22 hivi, lilijengwa ili kulisha maji mfereji wa usafirishaji. Baadaye likaangukia mikononi mwa klabu ya matajiri waliotaka kuvua samaki. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa. Kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Mdomo wa utoro ukawekewa wavu ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba wavu, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa Johnstown na maeneo ya jirani. Hakuna hata moja kati ya mabadiliko hayo lililoonekana kubwa siku lilipofanywa.

Kagua hivi. Simama mdomoni mwa utoro utazame mpaka mwisho: hakuna cha kuzuia maji, si ua, si wavu, si kichaka. Pima upana kwa futi ya kamba na ulinganishe na wa mwaka jana, maana udongo wa kingo huporomokea ndani kidogokidogo. Kisha teremka hadi mwisho wa utoro, ambako maji hudondokea. Pakiwa na shimo lenye ukuta wima, weka kigingi ukingoni na upime umbali. Shimo la namna hiyo hupanda kuelekea bwawani kila mafuriko yanapopita, na likifika mdomoni utoro wenyewe unakuwa njia ya kuvunjikia. Nyasi fupi zilizoshikana ndizo kinga nzuri ya utoro wa udongo. Mawe yaliyopangwa ni bora zaidi penye mteremko mkali.

Halafu kilele. Mahali palipodidimia kidogo hapaonekani kwa macho, ila maji yatapaona. Tumia levo ya mpira, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi huujaza maji, upime kilele kila baada ya mita 10. Palipozama sentimita 20 kuliko penginepo ndipo mto wa kwanza utakapovukia. Kuzama huko mara nyingi husababishwa na njia ya ng'ombe au pikipiki, na dawa yake ni udongo wa mfinyanzi unaoshindiliwa kwa tabaka nyembamba za sentimita 15 hivi, pamoja na kuhamisha njia. Lakini kuzama kusiko na njia ya kukueleza ni habari nyingine. Huenda udongo unaondoka chini. Hapo usijaze. Piga simu kwa mhandisi.

Hatua ya 3: Maji yanayovuja, na namna ya kuyasoma

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Kuona unyevu kwenye mguu wa tuta si sababu ya kukimbia, na asiyelijua hili hupiga kelele mara tatu, ya nne asisikilizwe. Kinachotakiwa kujulikana ni mambo mawili tu: je, yanaongezeka, na je, yanabeba udongo?

Chagua asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu vivuli virefu huonyesha mabonde na vinundu ambavyo jua la utosini huvificha. Tembea mteremko wa nje kwa kwenda na kurudi, kila mkondo mita chache chini ya uliopita, ili kila kipande ukione kutoka pande mbili. Tafuta nyasi za kijani kuliko majirani zake wakati wa kiangazi, magugu ya majini mahali pasipo na maji, udongo unaobonyea, na mstari wa unyevu katikati ya mteremko badala ya mguuni. Unyevu uliopanda juu ya mteremko ni mbaya kuliko ule wa chini. Pita pia mita 20 au 30 zaidi ya mguu wa tuta na kwenye pembe mbili ambako tuta linaungana na vilima. Maji hupenda kuponyokea hapo kwenye maungio.

Ukipata mahali maji yanapotiririka, yakusanye. Chimba kijifereji kifupi nje ya tuta (kamwe si ndani ya mteremko), weka kipande cha bomba, na upime kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Yakiwa mengi mno kwa ndoo, fundi akukatie ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90 na uuweke wima kwenye mfereji. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha ya V, yanapita kama lita 0.8 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 10, ni kama lita 4.4. Pima usawa huo nyuma kidogo ya ubao, mahali ambapo maji hayajaanza kuinama.

Kisha jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iache isimame hadi kesho yake, uangalie kitakoni. Macho peke yake hudanganya, chupa haidanganyi.

Daftari likitunzwa vizuri litakuwa na mistari kama hii:

*Kina cha bwawa mita 3.85. Mvua hakuna. Ndoo sekunde 26. Chupa safi.*

*Kina cha bwawa mita 3.85. Mvua hakuna. Ndoo sekunde 17. Chupa: utando mwembamba wa udongo.*

Tazama kina. Ni kilekile, na mvua haikunyesha, kwa hiyo ongezeko halielezeki kwa bwawa kujaa wala kwa maji ya juu ya ardhi. Kilichobadilika ni njia ndani ya tuta: imepanuka, na udongo wake umo kwenye chupa. Bila tarakimu ya kina, mistari hiyo miwili isingekuambia kitu, maana maji ya kuvuja hupanda na kushuka pamoja na bwawa. Hii ndiyo sababu ubao wa kusomea kina, uliochorwa sentimita na kufungwa kwenye nguzo imara ndani ya maji, ni kifaa cha kwanza kununuliwa.

Dalili nyingine ni kijichemchemi kwenye ardhi tambarare mbele ya mguu wa tuta, kinachotema mchanga na kuuzungushia kama kichuguu kidogo. Mchanga huo umetoka chini ya tuta. Kikitema maji maangavu na kichuguu hakikui, kipime na ukizungushie alama. Kichuguu kikikua, uko kwenye Hatua ya 6.

Kasi ya jambo hili huwashangaza watu. Bwawa la Teton huko Idaho, refu mno kuliko lolote linalozungumziwa hapa, lilionekana kuvuja maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Linapoanza kubeba udongo, muda huhesabiwa kwa saa.

Hatua ya 4: Bomba lililozikwa ndani ya tuta

Bwawa la maji ya kunywa karibu kila mara lina bomba linalopita tumboni mwa tuta. Udongo haushindiliki vizuri chini ya kiuno cha bomba, kwa hiyo maji hupata njia kandokando yake. Bomba likitoboka, maji yenye shinikizo huula udongo kutoka ndani pasipo mtu kuona.

Lawn Lake, Colorado, ni mfano unaotufaa, kwa sababu tuta lake lilikuwa dogo, kama mita 8, lililojengwa mwaka 1903. Maungio ya bomba na valvu yalichakaa, maji yakavujia ndani ya udongo, na asubuhi ya tarehe 15 Julai 1982 tuta likapasuka. Watu 3 walikufa. Aliyetoa taarifa ya kwanza alikuwa dereva wa gari la taka aliyesikia mngurumo.

Mambo ya kuangalia si mengi. Pale bomba linapotokea nje, angalia kama maji yanatoka ndani ya bomba au kandokando yake. Ya kandokando ni ya kuripoti leo. Funga valvu, usikilize. Mlio wa maji bomba likiwa limefungwa una maelezo mawili: valvu haifungi, au bomba limetoboka. Angalia pia kilele na mteremko juu ya mstari wa bomba. Shimo dogo la duara hapo, hata la upana wa sahani, ni dalili mbaya kuliko ufa mrefu.

Uliza valvu iko wapi. Ikiwa upande wa maji, bomba lililo ndani ya tuta linaweza kufungwa likawa tupu. Ikiwa upande wa nje tu, bomba lina shinikizo usiku na mchana, na kila toboo linasukuma maji kwenye udongo. Mabwawa mengi ya zamani yako hivyo. Mweleze mhandisi, na ongeza macho.

Mara mbili kwa mwaka ifungue valvu mpaka mwisho, kisha uifunge. Valvu isiyoguswa hukwama, na tope hujaza mdomo wa bomba. Bwawa lisiloweza kushushwa ni gari lisilo na breki, hata likiwa limeegeshwa vizuri. Kama bomba lenu haliwezi kushusha maji kwa maana, kuweni na mabomba ya plastiki ya kunyonya maji kwa kuyapitisha juu ya kilele, yakiwa na viungo vyake na koki, yamejaribiwa wakati wa utulivu. Hufanya kazi pasipo pampu mradi maji hayajashuka zaidi ya mita 6 hivi chini ya sehemu ya juu ya bomba. Nyanda za juu sana, ambako hewa ni nyepesi, ni chini ya hapo.

Hatua ya 5: Nyufa, miti na wachimbaji

Ufa unaokatisha tuta, kutoka upande wa maji kwenda nje, ni njia iliyo tayari ya maji. Ufa unaofuata urefu wa kilele na kupinda ncha zake kama mwezi mchanga unaonyesha kuwa kipande cha mteremko kinajitenga kishuke. Nyufa za juujuu za ukavu, zilizotawanyika kama matundu ya wavu, hazina uzito huo. Ukiona ufa, pigilia vigingi viwili pande zote mbili, pima umbali kati ya misumari juu yake, piga picha ukiwa umeweka rula, kisha funika kwa plastiki mvua isiingie. Usiuzibe kabla ya kuandika. Ufa uliozibwa hausomeki. Sheffield, Uingereza, tarehe 11 Machi 1864, mfanyakazi aliona ufa kwenye tuta la Dale Dyke jioni. Kabla ya saa sita ya usiku huo tuta lilikuwa limekwenda, na watu kama 240 walikufa. Lilikuwa bwawa la maji ya mji, jipya, likijazwa kwa mara ya kwanza.

Miti hukatwa ikiwa michanga, unene wa kifundo cha mkono au chini ya hapo. Mti mkubwa ulioachwa miaka mingi ni jambo lingine: mizizi yake ikioza huacha mirija, na kisiki kikichimbwa ovyo huacha shimo kwenye tuta lililojaa maji. Mhandisi aamue, na kazi ifanyike maji yakiwa chini. Nyasi ziwe fupi, si kwa urembo bali kwa kuwa usichokiona hukikagui.

Mashimo ya panya, nungunungu na wachimbaji wengine yajazwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, baada ya kuhakikisha kina chake kwa fito. Vichuguu vya mchwa vichimbuliwe hadi kwenye kiota. Kuvifyeka juu tu ni kuacha mapango yalipo. Mifugo inywe maji ya bomba kwenye birika lililo mbali, si kwenye tuta. Upande wa maji, angalia kama mawe ya kinga yamehama na mawimbi yamechonga ngazi kwenye udongo.

Hatua ya 6: Ratiba, daftari, na amri ya kushusha maji

Mlinzi asome kina na maji ya kuvuja kila wiki. Wakati wa mvua nyingi, kila siku, na wakati utoro unatiririka, kila saa chache akiwa na mwenzake. Kamati ikague tuta lote kabla ya masika na baada yake. Mhandisi aje kwa vipindi ambavyo mamlaka yenu imeweka. Uingereza, kwa mfano, ukaguzi wa mhandisi wa kujitegemea hautakiwi kuzidi miaka 10, na katikati yake kuna mhandisi msimamizi. Baada ya tetemeko la ardhi au mafuriko makubwa, usisubiri ratiba.

Sasa sehemu ngumu, ambayo vitabu vya uhandisi huipita haraka. Kamati iandike, ikiwa imetulia, mtu mmoja na msaidizi wake wenye mamlaka ya kushusha maji bila kuitisha kikao. Iandike pia viwango vitakavyowalazimu: chupa yenye udongo; uvujaji ulioongezeka kwa nusu katika kina kilekile; shimo jipya kwenye tuta; maji kubakiza nusu mita kufika kileleni. Na iandike watu watapata wapi maji bwawa likishushwa. Mlinzi asiyejua jibu la swali hilo la mwisho atasitasita.

Pakiwa na mashaka yasiyo ya haraka, shusha taratibu, kama sentimita 30 kwa siku, maana mteremko wa upande wa maji ukiwa umelowa unaweza kuporomoka maji yakiondoka kwa ghafla. Tuta likiwa linabeba udongo, fungua kila kitu. Hatari ya mteremko wa upande wa maji kuporomoka ni ndogo kuliko ya tuta kukatika.

Wakati huohuo kumbuka kanuni hii: upande wa maji ziba, upande wa nje chuja. Kwenye mahali panapotema udongo, mwaga mchanga mkubwa safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Ukizungushia kijichemchemi viroba vya mchanga, maji yatasimama humo na kupunguza nguvu ya kinachotoka. Ukikiziba kwa mfinyanzi au zege upande wa nje, maji yatatafuta mlango mwingine, mara nyingi mkubwa zaidi. Upande wa maji, ukiona kizingia kinachozunguka, ndipo pa kudondoshea viroba na mfinyanzi, ukiwa umesimama mahali salama. Usikate tuta ili "kupunguza maji". Mfereji wa jembe kwenye tuta la udongo hujipanua wenyewe. Lundo la mchanga na kokoto likae karibu na bwawa mwaka mzima, na mafundi wa majirani wasilichote.

Onyo kwa walio bondeni lisisubiri uhakika. Kelly Barnes, bwawa la mita 12 hivi huko Georgia, Marekani, lilivunjika saa 7:30 usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 baada ya mvua nyingi. Watu 39 walikufa kwenye chuo kilichokuwa chini yake. Bwawa la Patel huko Solai, Kenya, lilivunjika usiku wa tarehe 9 Mei 2018, na watu wasiopungua 47 walikufa. Mvua na giza huja pamoja, simu huzima, kwa hiyo kuwe na king'ora, ngoma, kengele ya shule au chochote kinachosikika bondeni, na watu waelezwe mapema kuwa wakikisikia wapande kilimani, si kufuata barabara ya bonde. Jaribuni mara moja kwa mwaka, mchana, kwa tangazo.

Hatua ya 7: Kujaza tena baada ya matengenezo

Presha ya kujaza upesi itakuwa kubwa, kwa kuwa watu watakuwa wamekaa wiki kadhaa na maji ya kuchota. Mabwawa mengi yanayovunjika kwa uvujaji huvunjika yanapojazwa mara ya kwanza au katika miaka michache inayofuata, na tuta lililochimbwa na kufukiwa upya lichukuliwe kama jipya. Acha valvu wazi kiasi cha kuweza kudhibiti kasi. Kila maji yanapopanda nusu mita, yasimamishe siku kadhaa, kwa muda aliotaja mhandisi, huku ukisoma ndoo na chupa asubuhi na jioni na kukagua mguu wa tuta kwa tochi usiku. Vipimo vikitulia, ongeza nusu mita nyingine; visipotulia, rudi kwenye kina kilichokuwa salama na umwite mhandisi. Mita ya mwisho, ile iliyo chini ya usawa wa utoro, ipande mchana tu, mlinzi akiwepo, na msafara huu wote uandikwe kwenye daftari lilelile la zamani ili vipimo vipya na vya kabla ya matengenezo visomwe ukurasa kwa ukurasa.